Divani ya Papa Kambale kwenye Njia ya Maporomoko

Vijana wangu, mgeni yeyote mtakayemwongoza mbugani atawauliza "Iko mbali?" hata kabla hajafunga mlango wa gari. Msimpe kilomita. Mimi nilimpa kilomita mgeni wangu wa kwanza, bwana mmoja wa Lubumbashi aliyevaa viatu vya kwendea harusini. Alikaa chini palepale getini, akala chakula chake chote, akarudi mjini akisema mbuga ni nzuri sana. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sote tulimwita Vieux Mumba, alikuwa na jibu lake: "Iko karibu, papa. Tuko tunaikaribia." Na hapo hakuna uongo. Mtu akitembea, lazima kuna kitu anakikaribia.

Mmekuja hapa kwangu Kasungami, mmenikuta namwagilia mboga zangu za lengalenga, mmekaa kwenye ndoo zangu, na mnataka niwasimulie habari za simba kwa sababu wiki ijayo mnaanza kazi niliyoiacha. Simba sikumwona. Miaka yote ile juu ya uwanda, siku nzima ya vumbi kutoka mjini, niliona nyayo, niliona mavi, nilisikia kitu kimoja usiku ambacho Vieux Mumba alisema ni simba na mpishi akasema ni Vieux Mumba mwenyewe anakoroma. Kwa hiyo nitawaambia habari za divani.

Lakini kwanza mambo mawili matatu yatakayowasaidia. Manukato waambieni wageni wayaache nyumbani, maana nyuki wa kule hawajui kama ni Jumapili. Mwenye miguu mizito mwekeni wa pili, nyuma yenu kabisa, mtembee kwa mwendo wake. Mkimweka mwisho, mtampata kwa kumtafuta. Na kuimba kunafukuza wanyama. Kuna kwaya moja ya mtaa wa Annexe iliyoimba kutoka getini mpaka mtoni, sauti zote nne, na ngoma juu. Mwisho mwalimu wao akanivuta kando, uso umejaa huzuni.

"Mama, banyama bote bako wapi?"

"Bako banasikia, mwalimu," nikamwambia. "Njo maana bamekimbia."

Siku hizi mna simu zinazowaonyesha njia, sawa. Zamani wageni walipanda juu ya kichuguu kutafuta pundamilia. Kabla sijastaafu walikuwa wanapanda kutafuta rezo, mtandao wa simu. Kichuguu ni kilekile, na wanaanguka upande uleule. Shikeni miguu yao.

Sasa divani.

Papa Kambale alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla mwenye depo kubwa pale Naviundu: unga, mafuta, sabuni, na nyuma kabisa vitanda na makochi. Mtu wa kanisa, mpole, hajawahi kupaza sauti. Lakini akishaamua jambo, ni bure kubishana naye, utachoka wewe. Binti yake Kavira alichumbiwa na Kunda, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa wakulima wa hapahapa Kasungami. Vijana hao walikutana mbugani kwenye matembezi ya kanisa. Mimi ndiye niliyewaongoza, na nilimwona kwa macho yangu Kunda akimwonyesha Kavira ndege ambaye hakuwepo, na Kavira akisema amemwona. Ndiyo sababu walitaka kufungia ndoa yao chini kule, mbele ya maporomoko.

Mama Chola, mama yake Kunda, mjane, alikubali mara moja. Papa Kambale alikubali kwa sharti.

"Mutoto wangu hataikala ku majiwe siku ya ndoa yake," alisema.

Mnajua harusi zetu. Bwana na bibi harusi hukaa mbele ya watu wote kwenye kochi kubwa, kimya kama picha, mpaka wali uishe. Basi siku ya harusi lori la Papa Kambale lilifika getini, na juu yake, imefungwa kwa kamba kama ng'ombe, kulikuwa na divani. Ya watu watatu. Velveti nyekundu, bado iko ndani ya plastiki ya dukani, miguu yake imechongwa kama ya simba na kupakwa rangi ya dhahabu. Zaidi ya hapo simba sikumkaribia maishani.

Nilimwendea. "Papa," nikamwambia, "kabla ya kufika ku maji kuko mwanya, majiwe mawili makubwa, na njia inapita katikati. Muntu anapita. Divani hapana."

Aliniangalia kwa huruma, mimi mwongozaji wake. "Mama gide, hii divani ilipita mu mulango ya kontena. Ilipita mu mulango ya depo. Ilipita ku duane, ku forodha. Majiwe ni nini?"

Nikamgeukia Vieux Mumba anisaidie. Vieux Mumba alikuwa anaizunguka divani akiibonyeza kwa kidole. "Iko muzuri," akasema. Msaada ukaishia hapo.

Tukapanga msafara. Vieux Mumba alitangulia na Kunda, Mama Chola, ndugu zao na pasta, waende kuandaa mahali. Nyuma yao vijana wa depo na divani. Nyuma ya divani mimi, Papa Kambale, Kavira akiwa amevaa gauni lake jeupe na viatu vyangu vya akiba vya porini, wasimamizi wake na shangazi aliyebeba keki. Hapo mshike neno moja: mzigo mkubwa hupita mwisho. Siku ile ulipita katikati.

Mtu asiyejua angetuona kutoka mbali angedhani amechanganyikiwa. Nyasi za kule zinamfunika mtu, kwa hiyo vijana wa depo hawakuonekana. Ilionekana divani tu, nyekundu, inaelea juu ya nyasi peke yake, inakwenda kwa haraka kidogo kama inayoitwa. Kundi la swala lilisimama kuitazama. Lilisogea karibu. Kwaya ilitufukuzia wanyama, divani ikatuletea. Tulipopumzika, vijana waliishusha, na mmoja akataka kukaa.

"Hapana!" Papa Kambale akasema. "Ni ya bibi na bwana harusi."

Basi sisi tulikaa chini kwenye majani na siafu, na divani ikapumzika vizuri peke yake kivulini.

Tukafika kwenye mwanya. Maji yalikuwa yananguruma chini, hatuyaoni, lakini kifuani unayasikia. Kundi la mbele lilikuwa limeshapita. Vijana walilaza divani ubavu, haikuingia. Wakaigeuza, wakaiingiza kwa kichwa, mgongo wake ukigusa jiwe la kushoto, magoti yake jiwe la kulia. Na ile plastiki, jamani, iliteleza! Divani iliingia kama droo. Papa Kambale akanitazama tu, ni mtu mpole. Ilipofika katikati ikasimama.

"Musukume," akasema.

Wakasukuma. Haikwenda. Wakasukuma zaidi, na Papa Kambale mwenyewe akavua koti akaingiza bega. Nilihisi kitu hakiko sawa, maana divani ilikuwa inatetemeka kama mtu anayejibu. Kulikuwa na nafasi chini yake, kati ya miguu ya dhahabu na udongo. Wakati ule nilikuwa mwembamba. Nikalala kifudifudi nikaingia.

Nilipofika katikati nikageuza kichwa. Upande wa juu niliona viatu vya vijana wa depo vinachimba udongo. Upande wa chini niliona viatu vingine, vya Kunda, vya ndugu zake, na buti za Vieux Mumba, navyo vinachimba. Kule chini, kwa kelele za maji, walisikia tu neno "sukume," wakadhani divani imekataa na inatakiwa irudishwe. Familia zote mbili zilikuwa zinasukuma kwa nguvu sawa na kwa moyo mmoja, kila moja ikidhani inashindana na jiwe.

"Muache! Bote muache!" nikapiga kelele.

Waliponisikia, divani ilikuwa imekaza kama kabari kwenye mpini wa jembe. Papa Kambale akaamuru ivutwe. Vijana wakashika, wakavuta kwa pamoja, na wakaja kweli, wote, wakaangukiana hadi miguuni kwa bibi harusi. Mikononi walikuwa wameshika plastiki. Divani ilibaki palepale, velveti yake wazi juani, inang'aa kuliko mwanzo.

Ni wakati huo nyani alipokuja. Dume kubwa, alikuwa juu ya mwamba anatuangalia tangu tulipofika. Akashuka taratibu kama mtu mwenye kadi ya mwaliko, akaipapasa velveti, akakaa. Alikaa katikati. Akaegemea.

Hapa mnisikilize vizuri, maana hili litawapata. Nyani usimwangalie machoni, na usimwonyeshe meno. Kwake meno ni matusi. Sikuwahi kumwambia Papa Kambale hivyo, na yeye ni mtu wa biashara. Alimsogelea, akamtazama usoni, akatabasamu kama anavyomtabasamia mteja yeyote.

"Karibu sana," akasema, "lakini hii iko imeshanunuliwa."

Nyani akafungua mdomo na kumwonyesha ya kwake. Vijana, yale meno! Shangazi akainua keki juu ya kichwa. Papa Kambale hakurudi nyuma, na hakuacha kutabasamu, maana alidhani bado wanajadiliana. Nikampokonya msimamizi mwavuli wake wa harusi, mweupe, wenye lesi, nikauelekeza mbele, nikaufungua ghafla: pwaa! Nyani aliruka juu kama aliyekaa kwenye moto, akapanda mwamba, na kule juu akatutukana kwa muda mrefu. Mwavuli muwe nao siku zote, hata kiangazi. Usifunguke polepole.

Nyani aliondoka, lakini kile alichokileta kilibaki. Papa Kambale alikuwa ameguswa heshima. Akavaa koti lake, akajifuta vumbi.

"Tunarudi mujini," akasema. "Ndoa tutafanya siku ingine, mu salle, mu ukumbi, kama batu."

Nikapita chini ya divani kupeleka habari. Mama Chola alikuwa amesimama upande wa pili, kitenge chake kipya kimelowa kwa mvuke wa maji. Aliposikia, alikunja uso.

"Aseme basi kama hataki," akasema. "Alileta hii kintu makusudi, ifunge njia, ili mutoto wake asifike kwetu. Sisi tuko batu ba mashamba, tunaikalaka ku majiwe. Mwambie hivyo. Akirudi na mutoto leo, asimulete tena."

Kunda alikuwa nyuma yake, tai imeshuka, ameshika mkono wa divani kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Pasta alikuwa anatazama jua. Mimi pia nilikuwa nalitazama, maana njia ile hatuipandi gizani, na kama watu wangeondoka kwa hasira namna ile nilijua hakuna siku nyingine itakayokuja. Nilishaona wageni wengi wakiagana kwa maneno madogo kuliko hayo na wasionane tena.

Nikapita chini tena. Maneno ya Mama Chola niliyafupisha kidogo. Hata yakiwa mafupi, Papa Kambale alishika mkono wa binti yake.

Kavira hakusogea. Alikuwa msichana mtulivu kama baba yake. Aliniuliza: "Mama gide, huko chini ya divani kuko nyoka?"

"Hakuna. Ningekuwa nimeshamuona."

"Na nguo yangu itapita?"

"Mutoto wangu hatapita chini ya divani kama panya!" Papa Kambale akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia amepaza sauti.

"Sawa, papa," Kavira akajibu. "Basi nitapita juu."

Akakunja gauni mpaka magotini, akaweka buti yangu kwenye mkono wa divani, akapanda. Tulidhani atavuka. Alipofika katikati akageuka, akatandaza gauni lake vizuri, akakaa. Kwa sababu divani ilikuwa imeinama kufuata mteremko, aliteleza mpaka mwisho wa chini. Akarekebisha shela yake.

"Papa," akasema, "ulitaka niikale ku divani. Niko nimeikala."

Mwenyewe nilimwona Papa Kambale anatafuta kosa na halipati. Binti yake alikuwa amekaa kwenye divani, siku ya ndoa yake, na hakuna jiwe lililomgusa ila pembeni.

Kunda akapanda kutoka upande wake. Akakaa karibu naye, akamtelezea, akaomba radhi, akabaki hapohapo. Pasta akapanda juu ya jiwe moja, akashikilia mzizi kwa mkono wa kushoto na Biblia kwa mkono wa kulia, akawafungisha ndoa katikati ya mwanya, familia moja juu, familia nyingine chini. Mwamba ule unarudisha sauti. Kila alichouliza pasta kiliulizwa tena na jiwe, kwa hiyo wao walijibu mara mbili mbili ili pasiwe na shaka. Nyani alikuwa bado anatukana, lakini sasa kidogo kidogo.

Kisha ikabidi watu wa chini watoke. Njia ilikuwa ile moja. Wakaanza kupita chini ya divani wakiwa na suti zao: Vieux Mumba, ndugu zake Kunda, pasta. Mama Chola alikuja mwisho, na Mama Chola alikuwa mwanamke mwenye mwili. Alifika nusu akakwama. Tuliona kichwa, kilemba na mikono miwili, basi. Alikuwa analia au anacheka, haikueleweka. Papa Kambale alisimama muda akimtazama yule mama aliyemtumia maneno mabaya. Halafu akapiga magoti na suruali yake nzuri, akamshika mikono yote miwili.

"Mukwe," akasema, "toa pumzi."

"Nimetoa yote!"

"Toa ya mwisho."

Akavuta. Mama Chola akatoka kwa ghafla, wakaanguka wote, yeye juu, baba wa bibi harusi chini. Kavira na Kunda walikuwa bado wamekaa juu ya divani, wanaona kila kitu kama watu walioko kwenye balkoni. Kavira ndiye aliyeanza kucheka. Mama Chola akafuata, bado yuko juu ya mkwe wake, na Papa Kambale, kutoka chini kabisa, akasema ana shida ya kupumua lakini amefurahi kufahamiana naye. Keki tuliila hapohapo tukiwa tumesimama. Haikuwa na alama hata moja.

Divani haikutoka. Tulijaribu kwa kamba, kwa sabuni, kwa mawese. Mwisho wakubwa wetu wakachimbisha ngazi pembeni mwa mwamba ili watu wapite, na divani ikaachwa. Sasa mtaona wenyewe mambo ya watu. Maporomoko yale yalikuwepo kabla ya babu zetu, lakini wageni wakaanza kufika getini wakiuliza, "Divani iko mbali?" Walipiga picha kwenye divani. Wengine wakishafika kwenye divani waligeuka wakarudi, wameridhika. Nilikuwa nawaambia, "Mbele kuko maji makubwa," wananijibu wameshachoka.

Karibu na kustaafu kwangu, lori likaja tena getini, na juu yake divani mpya, ya kijani. Papa Kambale akashuka. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, sauti bado ya chini.

"Mama Ngoie," akaniambia, "minasikia ile ya kwanza imekuwa mubaya. Batu banatoka mbali, banaona kintu yangu imepasuka vile. Banafikiri nini juu ya depo?"

Nilimweleza kwamba sheria ya mbuga hairuhusu samani. Alisema ya kwanza iliruhusiwa. Nikasema ya kwanza haikuruhusiwa, ilikwama. Tulijadiliana mpaka chai ikapoa, akakubali iachwe kwenye lori, ila kwanza aende kuiona ile ya zamani kwa macho yake. Tukatembea polepole, yeye wa pili, nyuma yangu.

Velveti ilikuwa imeliwa na mchwa, rangi ya dhahabu imetoka, lakini mbao zilikuwa nzima. Alizigonga kwa fimbo, akaridhika. Akaingiza mkono kwenye tundu la kiti apime springi, na fungo mmoja mdogo mwenye madoa akatoa kichwa akamfokea. Papa Kambale akatoa mkono wake kwa adabu.

"Kuko mupangaji," akasema.

Halafu akainua kichwa akisikiliza. "Ile kelele ni nini?"

Hapo nikakumbuka kwamba siku ya harusi yeye alibaki juu. Alikuwa hajawahi kuyaona yale maji. Nikampa bega langu, tukashuka zile ngazi moja moja, mpaka chini, na maporomoko yakawa mbele yetu, meupe, marefu, yanamwagika kutoka kule juu ambako shingo inauma kuangalia. Alisimama. Mvuke ukamlowesha miwani, hakuifuta. Nilidhani anaomba.

"Mama Ngoie," akasema mwishoni, "mangaribi, ni nani njo anafungaka hii maji?"

"Hakuna, papa. Inaanguka tu."

"Na usiku?"

"Na usiku."

"Na kama hakuna hata muntu mumoja wa kuangalia?"

"Inaanguka, papa."

Aliwaza sana, mtu aliyefungua na kufunga mlango wa depo kila siku ya maisha yake. Akavua kofia.

"Basi tuiache," akasema kwa sauti ya chini. "Tusiisumbue, iko mu kazi."

Tukaanza kupanda. Kila baada ya ngazi chache alinishika mkono, akasimama, akageuka nyuma kuhakikisha kama maji bado yanaanguka.